Unga wa Kiko Chako

Mpendwa shangazi,

Shikamoo. Ungekuwa hai ungeniacha nisimame mlangoni mpaka umalize kuvuta, ndipo uitikie marahaba puani, pamoja na moshi. Basi nasimama kidogo, halafu naendelea.

Nakuandikia nikiwa Biharamulo, kwenye nyumba ya walimu, na mezani kuna rundo la madaftari ya darasa la tano yanayongoja kusahihishwa. Yatangoja. Chini ya kucha zangu bado kuna weusi wa majivu ya uani kwako Bukiriro, na tangu nirudi nimekuwa nikinawa kwa uangalifu ili usitoke. Jana mwalimu mwenzangu aliniuliza kama likizo hii nilikuwa gereji. Nilimwambia hapana, mimi ni mfinyanzi. Nilisema hivyo bila kuangalia chini, shangazi, na wewe unajua imenichukua miaka mingapi kulitamka neno hilo mbele ya watu.

Unakumbuka bonde? Nilikuwa na miaka tisa, likizo yangu ya kwanza kwako, na ulinipeleka kuchimba udongo kabla sijavua hata viatu vya safari. Ulitupa tabaka la juu lenye mizizi ya matete, ukachota ule wa kijivu wa chini, ukatia punje mdomoni. Nilidhani una njaa. Uliutafuna kwa meno ya mbele, ukatema, ukasema, "Huu una mchanga. Twende mbele." Tulienda mbele mara tatu. Mara ya nne ulinipa mimi nionje, na nilipokwambia sisikii mchanga ulinitazama kwa namna ambayo mwalimu wangu wa hesabu hakuwahi kunitazama. Nadhani ndipo uliponichagua, ingawa hukusema. Wewe kusifu kulikuwa kunakuuma kama jino.

Watu wengi wakisikia kiko wanafikiria kitu cha mti, cha dukani. Chako kilikuwa cha udongo. Sisi Wahangaza kiko tunakiita chungu, chungu kidogo cha tumbaku, nawe ulikifinyanga kama chungu kweli: kilikuwa na tumbo la kukaa kaa la moto, mdomo, na shingo ya kuingizia mrija. Mrija ulikuwa kijiti cha kile kichaka cha pembeni ya kahawa chenye moyo laini, ambao uliusukuma nje kwa spoku ya baiskeli iliyopashwa moto. Kila nilipokuwa nasikia jirani mmoja akijisifu kwamba mkewe anasuka mkeka mzuri, nilikuwa nasema moyoni, shangazi yangu anatengeneza kitu kinachokaa na moto ndani na hakimuunguzi anayekishika.

Ulikuwa unasema udongo mtupu ni mjinga, ukiuona moto unapasuka. Lazima uchanganywe na unga wa kitu ambacho kimeshaungua. Kwa vyungu vya kupikia ulisaga vigae vyovyote. Kwa viko vya majirani, vilevile. Lakini kiko cha nyumba yetu kilikuwa na sheria yake. Anayekivuta akifariki, hazikwi nacho na hakirithiwi. Kinapondwa, kinasagwa juu ya jiwe, na unga wake unatiwa kwenye udongo wa kiko kinachofuata, ambacho huwashwa siku ya kumaliza msiba na kuzungushwa kwa wazee. Ndivyo ulivyofanya kwa kiko cha bibi. Ndivyo bibi alivyofanya kwa cha mama yake. Siku moja ulikigeuza chako mkononi, ukaniambia kana kwamba unanionyesha chumba chenye wageni, "Humu ndani wako watu." Nilikuwa mdogo, nikachungulia.

Na kiko changu cha kwanza je? Nilikuwa na miaka kumi na miwili na kichwa kikubwa. Nilitoboa shingo yake udongo ukiwa mbichi, kwa kipimo kilekile cha mrija niliokuwa nimeshauandaa, na nikajiona nina akili kuliko nyumba nzima. Kisha kwa ukucha nikachora mistari mitatu mifupi chini ya shingo, kama ile uliyotia kwenye kila kiko chako. Hiyo ndiyo siku pekee uliyonikasirikia. Ulilowesha kidole gumba ukaifuta ile mistari kwa nguvu hadi kiko kikabonyea. "Hiyo ni yangu," ulisema. "Mtu akisifu, anisifu mimi. Akitukana, anitukane mimi. Yako iko wapi?" Sikuwa nayo. Nikabonyeza ukucha wa dole gumba mara moja, kikatokea kipande cha mwezi, nawe ukasema, "Haya, hiyo ndiyo wewe."

Wiki mbili baadaye, kiko kimeshachomwa, mrija ulikataa kuingia. Udongo unanywea ukikauka, na hilo hukuniambia kwa makusudi. Nilisukuma. Nikasukuma tena, maana mimi sijui kuacha, na shingo ikapasuka hadi tumboni. Ulicheka mpaka ukajifuta macho kwa kitenge. Halafu ukaninyooshea kiganja, ukasema, "Lete hapa," nikakupa vile vipande, na sikuviona tena. Nilidhani umevitupa shimoni kwa maganda ya ndizi.

Kuna jambo jingine nililokuwa nikiliona kila siku kwako nisilielewe. Viko vibichi ulikuwa unavikausha chini ya kitanda, mbali na jua na mbali na moto. Kila siku ukirudi shambani ulikuwa unainama, unavitoa, unaviweka shavuni kimoja kimoja, na kufumba macho. Nilidhani unavibembeleza. Nilikuwa nakuonea huruma kidogo, nisamehe. Nilijisemea, shangazi hakujaaliwa mtoto, basi anabembeleza udongo.

Mwaka jana uliponiita, nilikuta umeshapungua, lakini kiko kilikuwa mkononi. Ulikuwa huvuti tena, ulikishika tu. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, kwa hiyo alisikia. Ulininyooshea kile kidole chako kirefu, ukasema, "Msinizike nacho. Ukisage. Wewe, si mwingine." Nikaitikia ndiyo upesi upesi, kama mtu anayetaka kubadilisha mazungumzo. Siku nne baadaye tulikuzika, na kiko nikakifunga ndani ya kanga, nikakiweka kwenye sanduku lako. Kwa mwaka mzima sikukigusa.

Likizo ya Juni ilipoanza nilifika Bukiriro na daftari. Ndiyo, daftari. Nilikuwa nimeandika kila hatua ninayoikumbuka, kwa namba, kama maandalio ya somo. Msiba ulikuwa umalizwe mwisho wa likizo, Jumamosi moja kabla ya shule kufunguliwa. Nilikuwa na siku za kutosha, hivyo nilidhani. Nilifungua sanduku, nikatoa kiko, nikakaa uani na jiwe la kusagia. Baba mdogo akaja akasimama mbele yangu, kivuli chake juu ya jiwe.

"Unafanya nini?"

"Nasaga, baba. Alisema mwenyewe, ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Mgonjwa husema mengi." Akachuchumaa, jambo ambalo magoti yake hayalipendi. "Hiki ndicho kitu pekee cha dada kilichobaki chenye mkono wake. Vingine vyote aligawa, vimevunjika. Kiweke kwenye kabati la vioo pale sebuleni, watu wakija wakione. Ukikiponda, na hicho chako kikaharibika, tutabaki na nini?"

 Nakuambia ukweli kwa sababu sasa naweza. Nilikuwa na hofu ileile, ila mimi nilikuwa nimeificha ndani ya daftari. Mkono wangu ulikuwa umefinyanga viko vingapi tangu utoto? Vinne, vyote ukiwa umekaa pembeni yangu. Niliangalia ile mistari yako mitatu chini ya shingo. Nikamwambia baba mdogo, "Alinichagua mimi," na sauti ikatoka ya mtoto wa miaka tisa. Yeye akainuka, akaingia ndani. Nikapiga jiwe mara moja. Kilivunjika kwa urahisi ulionitia uchungu. Unga wake ulijaa viganja viwili.

Nilifinyanga kesho yake. Shingo niliitoboa pana, safari hii sikusahau. Nilikisugua kwa ile kokoto yako nyeusi mpaka kikang'aa. Kilikuwa kizuri, shangazi, naapa. Kisha nikakikausha kwa siku tano tu, tena karibu na mafiga, kwa sababu kwenye daftari nilikuwa nimeandika "kausha" na sikuandika muda gani wala wapi. Nilikigusa kwa kidole nikakiona kikavu. Saa tisa alasiri nikakizika kwenye kishimo chenye kinyesi kikavu cha ng'ombe, majani makavu ya mgomba na mabua ya mtama, nikawasha. Moto haukuwa umeshika hata vizuri niliposikia pah. Kisha pah nyingine, ndogo, kama mtu anayemalizia sentensi.

Nilikaa pale mpaka majivu yakapoa. Tumbo lilikuwa limepasuka vipande saba. Baba mdogo alitoka, akatazama, akarudi ndani bila kusema "nilikwambia", na ningependa angesema. Nilikuwa nimekupoteza mara ya pili, na mara hii hakukuwa na ugonjwa wa kulaumu, ni mkono wangu.

Asubuhi nilivifunga vile vipande kwenye ile kanga nikaenda kwa bibi Perusi. Sikuenda kutafuta msaada. Nilienda kukiri, kwa sababu yeye ndiye rafiki yako wa ujana, na yeye ndiye aliyepaswa kukiwasha Jumamosi ile, nikaona afadhali asikie kutoka kwangu. Macho yake yameingiwa na ukungu siku hizi, anamjua mtu kwa mwendo. Nilimwamkia, akaitikia, akasema kwa ile l yake inayogeuka r, "Mwarimu. Unatembea kama umebeba maiti." Nikafungua kanga nikamwekea vipande mapajani.

Alivipapasa kimoja kimoja. Alinusa kimoja. Akauliza, "Urikiweka shavuni?"

"Shavuni kwa nini, bibi?"

"Kusikiliza baridi." Alikishika kigae akajiwekea shavuni, akafumba macho, vilevile, vilevile kabisa kama wewe. "Kidore ni kijinga, kinasikia ngozi ya nje tu. Shavu rinasikia ndani. Udongo wenye maji ni wa baridi hata jua rikiwaka. Ukiwa wa baridi, unaurudisha chini ya kitanda. Hakukufundisha?"

Ulinifundisha, shangazi. Kila siku, kwa miaka, mbele ya macho yangu, na mimi nikakuonea huruma. Niliangua kilio pale kwenye mkeka wake, mtu mzima, mwalimu wa watu, na sehemu ya kilio hicho ilikuwa kicheko. Bibi Perusi aliniacha nimalize. Hana haraka na machozi ya mtu.

"Sasa," alisema, "kwa nini umevifunga kama unakwenda kuvizika?"

"Si vimeharibika? Unga wote wa shangazi ulikuwa humo."

"Urikuwa. Si bado umo?" Akanirudishia kipande. "Saga tena. Cha mama yake kirimpasukia mara tatu huyo shangazi yako. Mara tatu. Ya tatu arijificha kwangu siku mbili, hataki kaka zake wamwone."

Mara tatu. Wewe, uliyekuwa ukitembea sokoni kana kwamba udongo wa Ngara nzima unakuamkia. Ulinificha hilo maisha yako yote, na siku hiyo nililijua, na nikakupenda kwa namna mpya, ya kutaka kukucheka usoni.

Niliposimama kuondoka bibi Perusi akanishika mkono. "Na kire chako cha utotoni, urichokipasua kwa kusukuma mrija. Unadhani kirienda wapi?"

Nikasema kilienda shimoni.

"Arikuja nacho hapa. Kiko chake kiripata ufa mwaka ure ure, akakisaga, akasaga na cha kwako, akafinyanga kimoja. Hicho urichokivunja juzijuzi. Arisema, nimemtia mtoto ndani mapema, asije akacherewa."

Nilirudi nyumbani kwa njia ya bondeni, ile ndefu, kwa sababu sikutaka mtu anione uso. Nilikuwa nimemwogopa mtu aliyekuwa ndani ya kiko, nikidhani ni wewe peke yako. Kumbe tulikuwa humo pamoja miaka yote, wewe ukituvuta.

Basi nikasaga. Nikachimba udongo mpya, nikauonja, nikaenda mbele mara mbili. Nikafinyanga, na daftari nikaliacha ndani ya begi. Nilikiweka chini ya kitanda chako, na kila siku alasiri nilikitoa nikakiweka shavuni. Siku ya kwanza kilikuwa baridi kama chupa iliyotoka mtungini. Siku ya tano, ileile siku niliyochoma cha kwanza, kilikuwa bado baridi, nikakirudisha chini ya kitanda. Siku ya tisa nilisita. Siku ya kumi na moja nilikiweka shavuni nikasikia hamna kitu, wala baridi wala joto, shavu langu tu. Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni. Aliniangalia, akasema polepole, "Dada alikuwa anafanya hivyo," akaenda mwenyewe kukusanya mabua.

Tulichoma pamoja. Sikusikia pah. Nilipokiona chekundu ndani ya makaa nilikitoa kwa vijiti viwili nikakitumbukiza kwenye makapi ya mtama, moshi ukatufunika wote wawili, na kilipotoka kilikuwa cheusi, kinang'aa, kizima. Niligonga kwa ukucha, kikalia. Mrija uliingia kwa kuzungusha kidogo tu, nikaziba pembeni kwa nta niliyotoka nayo huku Biharamulo.

Jambo moja sijakuambia. Kabla hakijakauka, nilipofika kwenye alama, niliweka ukucha tayari kwa mistari mitatu. Nilitaka kukuheshimu. Nilikuwa nimeshagusa udongo niliposikia dole gumba lako lenye maji likifuta. Nikabonyeza kipande cha mwezi, mara moja.

Jumamosi walikuja watu kutoka Kanazi, kutoka Bugarama, na majirani wote. Baada ya sala na chakula, baba mdogo alitia tumbaku yako ya mwisho, ile iliyosukwa iliyokuwa inaning'inia juu ya mafiga, akampa bibi Perusi. Aliweka kaa dogo juu, akavuta.  Akavuta tena, akaachia moshi puani kama wewe, akakizungusha kiganjani kuona kama kinaunguza. Kisha nikaona dole gumba lake likishuka taratibu chini ya shingo, likasimama.

"Hapa kuna ukucha," alisema kwa sauti ya watu wote. "Si mistari mitatu. Hiki kimefinyangwa na nani?"

Nilifikiri amesahau. Au anahisi nimevunja heshima. Wazee wote walikuwa wamenigeukia, na baba mdogo pia.

"Na mimi, bibi," nilisema.

"Sema vizuri."

"Ni mimi niliyekifinyanga."

"Najua ni wewe," alisema bibi Perusi, akampa mzee aliyekaa kuliani kwake. "Nirikuwa nataka hawa wakusikie."

Kikazunguka. Kilipofika kwa baba mdogo alikishikilia, akavuta mara mbili zaidi ya zamu yake, na nilipomuuliza kama tukiweke kwenye kabati la vioo aliniambia nisilete utani wa walimu. Mimi nilivuta mara moja, nikakohoa mpaka kina mama wakanicheka. Sivuti, unajua, wala sitaanza. Lakini siku hiyo nilitaka moshi wako unipite ndani.

Kiko nimekiacha Bukiriro, kwa bibi Perusi, ndiye atakayekitumia. Siku yake ikifika nitakuja kukisaga. Na kama na mimi siku hiyo sipo, naanza Desemba kumfundisha binti wa baba mdogo kuonja udongo. Sitamwambia kuhusu shavu. Nitakiweka tu kiko kibichi shavuni mbele yake kila siku, aone.

Lala salama, shangazi, humo mlimo wengi. Mimi niko humo pia tangu zamani, niachieni nafasi pembeni ya moto.

Ni mimi, binti wa kaka yako,
mwenye ukucha mmoja chini ya shingo.